Maikro ya chuo kikuu na kabichi ya Lushoto: Hesabu ya kufanya kabla ya kupakia lori

Na Mwandishi Wetu

WAKULIMA wa mboga wa wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga, hukabiliwa kila msimu na uamuzi ambao mwanafunzi wa shahada ya pili ya uchumi huusomea mwaka mzima kwa alama na milinganyo. Uamuzi wenyewe ni huu: mzigo uuzwe hapa hapa barabarani kwa mwenye lori, au upakiwe kwenda Dar es Salaam ambako inasemekana bei iko juu? Anayekosea hupoteza ada ya mtoto, na wakati mwingine hupoteza mtaji wa msimu unaofuata.

Somo linalohusika na maamuzi ya namna hii huitwa Uchumi Mdogo, na wanafunzi hulifupisha kwa kuliita maikro. Udogo wake hautokani na wepesi. Unatokana na kwamba haliangalii bajeti ya nchi, mfumuko wa bei wala thamani ya shilingi. Linamwangalia mtu mmoja, kaya moja, duka moja au kampuni moja, na kuuliza: mtu huyu mwenye fedha kidogo, muda mfupi na habari zisizokamilika, achague nini?

Hatua ya juu ya somo hilo imewatoa jasho wengi. Kitabu cha Hal Varian kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1978, na kile kinene cha Mas-Colell, Whinston na Green cha mwaka 1995, vimejaa hesabu kuliko maneno. Katika mpango wa pamoja wa shahada ya pili ya uchumi ulioanzishwa mwaka 1993 chini ya AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi yenye makao yake Nairobi, na ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki, maikro ilikuwa moja ya masomo ya lazima. Huwezi kuikwepa.

Swali ambalo vijana wengi wa biashara huuliza ni hili: hesabu zote hizo zina faida gani kwa mtu anayetaka kununua, kuuza na kupata riziki? Makala haya yanajaribu kulijibu kwa kutumia soko ambalo kila msomaji analijua kwa tumbo lake, yaani soko la mboga za Usambaani.

Mlima, barabara na soko

Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, wakapenda baridi yake. Baridi hiyo ndiyo inayofanya kabichi, karoti, viazi mviringo, pilipili hoho, peasi na plamu zistawi mahali ambapo nchi ya chini ni joto na mkonge. Mabondeni kuna maji, na wakulima wengi hulima mboga hata wakati mvua za masika na vuli zimekatika.

Lakini mzigo hauliwi wote Lushoto. Lazima uteremke kwa barabara ya kona nyingi kupitia Soni hadi Mombo, safari ya kilomita zipatazo 33, ndipo ushike barabara kuu kuelekea Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 mbele. Huko hukutana na nyanya za Ilula mkoani Iringa na mboga za Mgeta mkoani Morogoro. Tangu mageuzi ya soko huria yaliyoanza mwaka 1986, mkulima na mchuuzi wameachiwa wajipangie. Hakuna bei elekezi ya kabichi. Kuna hesabu tu.

Fedha iliyokwisha kuzama

Tuchukue mfano wa kubuni, msomaji, ili tuelewane. Mkulima ana kabichi 2,000 shambani, zimekomaa. Mbegu, mbolea, dawa na vibarua vya palizi vimemgharimu Sh 500,000, sawa na Sh 250 kwa kila kabichi. Kukata na kubeba hadi barabarani ni Sh 30 kwa kabichi. Mwenye lori anakuja na bei ya Sh 150.

Wengi watasema: "Siwezi kuuza kwa 150 kitu kilichonigharimu 250!" Kabichi inabaki shambani, inapasuka, inaoza. Mkulima amepoteza Sh 500,000 zote.

Maikro inasema hapo pamefanyika kosa la kuchanganya hesabu mbili. Zile Sh 250 zimekwisha kuzama. Ziuzwe kabichi au zisiuzwe, hazirudi. Gharama ambayo bado iko mikononi mwake ni Sh 30 tu za kukata na kubeba. Akiuza kwa Sh 150 anabaki na Sh 120 kwa kabichi, yaani Sh 240,000. Hasara yake inashuka kutoka Sh 500,000 hadi Sh 260,000. Kwa siku hiyo, bei yoyote iliyo juu ya Sh 30 ni afadhali kuliko kuacha. Ikishuka chini ya hapo, ng'ombe wale.

Hesabu hiyo ni ya leo tu. Anapokaa na mke wake kupanga msimu ujao, mbegu bado haijanunuliwa, hivyo Sh 250 haijazama. Hapo lazima bei anayoitarajia ifike angalau Sh 280, yaani 250 na 30, na pia izidi kile ambacho shamba hilo hilo lingempa kama angepanda karoti au maharage. Kinachoachwa ili kupata kingine nacho ni gharama, ingawa hakuna risiti yake. Mtu mmoja, kabichi ile ile, maamuzi mawili, na bei mbili za kuanzia. Kuchanganya hizo mbili kumefilisi wenye maduka na viwanda pia.

Bei ya Dar si faida ya Dar

Sasa mkulima wetu anaambiwa kwamba Dar es Salaam kabichi inauzwa kwa Sh 400 siku nzuri na Sh 300 siku mbaya, na kwamba uwezekano ni nusu kwa nusu. Wastani wa matarajio ni Sh 350. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya Sh 150 za barabarani. Lori si linamnyonya?

Tuandike gharama. Kukata na kubeba Sh 30, magunia, upakiaji na nauli ya lori Sh 120, ushuru na malipo ya dalali Sh 50. Jumla Sh 200 kwa kila kabichi iliyopakiwa. Kisha tuseme kabichi 10 katika kila 100 huharibika njiani au hukataliwa. Kwa bei ya wastani ya Sh 350, kila kabichi iliyopakiwa inaingiza Sh 315. Ukitoa Sh 200, zinabaki Sh 115.

Barabarani alikuwa anabaki na Sh 120.

Kwa maneno mengine, bei iliyo zaidi ya mara mbili imeleta faida ndogo zaidi. Si hivyo tu. Siku mbaya Dar ingempa Sh 70 kwa kabichi, yaani Sh 140,000 kwa mzigo mzima. Siku nzuri ingempa Sh 160, yaani Sh 320,000. Mwenye lori amemwondolea bahati nasibu hiyo. Daniel Bernoulli alieleza tangu mwaka 1738 kwamba shilingi moja ina uzito mkubwa kwa asiyenacho kuliko kwa tajiri. Mwenye magari matano anaweza kubeba siku mbaya kumi kwa kuwa siku nzuri kumi zitazifidia. Mwenye ekari moja na ada ya shule mwezi Januari hawezi. Kwa hiyo mkulima anayeuza barabarani asichekwe kuwa hajui soko. Huenda anajua hesabu yake vizuri.

Ubadilike uwiano kidogo, jibu linageuka. Nauli ikishuka kwa Sh 20, au uharibifu ukipungua hadi 5 katika 100, Dar inaipita barabarani kwa wastani. Ndiyo maana barabara nzuri na ufungashaji mzuri ni habari ya bei, si habari ya ujenzi peke yake.

Thamani ya simu moja

Hapa ndipo maikro ya juu inapoanza kulipa ada yake. Inauliza: je, habari ina bei?

Tuseme kabla ya kupakia, mkulima anaweza kujua kwa hakika kama leo Dar ni siku ya Sh 400 au ya Sh 300. Ikiwa ni 400, anapakia na kubaki na Sh 160. Ikiwa ni 300, anauza barabarani na kubaki na Sh 120. Wastani wake sasa ni Sh 140, badala ya Sh 120 alizokuwa nazo bila kujua. Tofauti ni Sh 20 kwa kabichi, au Sh 40,000 kwa mzigo wa kabichi 2,000. Hiyo ndiyo thamani ya habari. Akiipata kwa simu ya Sh 1,000 amefanya biashara nzuri kuliko kununua mfuko mwingine wa mbolea.

Jambo hili limeshapimwa. Mtafiti Robert Jensen alichapisha mwaka 2007 uchunguzi wake juu ya wavuvi wa dagaa wa Kerala, India, ambako simu za mkononi ziliingia kati ya mwaka 1997 na 2001. Kabla ya simu, pwani moja ilikuwa ikitupa samaki huku pwani ya jirani wakikosa. Baada ya simu, tofauti za bei zilipungua sana, samaki wa kutupwa wakaisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Muuzaji na mnunuzi walifaidi pamoja. Aliyepungukiwa ni uozo.

Dalali anasema kweli?

Lakini mkulima wa Lushoto anampigia nani? Mara nyingi anampigia dalali wake. Na dalali hujibu: "Mzee, pakia tu, soko limesimama!"

Mwaka 1982 wachumi Crawford na Sobel walionyesha kwa hesabu kwamba maneno yasiyomgharimu msemaji hubeba ukweli kwa kiasi kile tu ambacho faida ya msemaji inafanana na ya msikilizaji. Dalali anayelipwa kwa kila gunia linaloshuka anataka magunia mengi, bei iwe yoyote. Mnunuzi wa jumla naye akiulizwa atasema bei imekufa, kwa kuwa anataka kununua rahisi. Wote wawili wanaweza kuwa waungwana na bado neno lao likapinda upande wa mifuko yao.

Dawa ni mbili. Kwanza, waulizwe watu ambao faida zao zinapingana, na ukweli utafutwe katikati. Pili, malipo ya dalali yafungwe kwenye bei, ili siku ya bei mbaya naye aumie kidogo. Akilipwa sehemu ya kila shilingi inayozidi kiwango mlichokubaliana, hatakuita uje na mzigo siku soko limefurika.

Wote wakipanda nyanya

Kuna ugonjwa mwingine unaojulikana na kila mkulima. Mwaka huu nyanya ni ghali, kila mtu anasia nyanya. Baada ya miezi mitatu au minne zinaiva kwa pamoja, bei inaanguka, matenga yanamwagwa. Msimu unaofuata wote wanakimbia nyanya, bei inapaa tena. Nicholas Kaldor mwaka 1934 na Mordecai Ezekiel mwaka 1938 waliuita mwendo huo utando wa buibui, kwa sababu ukiuchora kwenye karatasi unazunguka kama utando.

Unaumiza kwa sababu walaji hawaongezi sana kula nyanya ati kwa kuwa zimeshuka bei. Wachumi husema mahitaji hayanyumbuki. Tuseme mzigo sokoni ukiongezeka kwa asilimia 10, bei inashuka kwa asilimia 20. Palipokuwa na matenga 100 kwa bei ya 100, sasa kuna 110 kwa bei ya 80. Mapato yameshuka kutoka 10,000 hadi 8,800. Wakulima wote wamefanya kazi zaidi na kupata kidogo zaidi.

John Muth aliuliza mwaka 1961: kama mwendo huu unatabirika hivyo, kwa nini wenye akili wasiutabiri na kupanda kinyume? Swali zuri, na Usambaani wapo wanaofanya hivyo. Anayetazama vitalu vya jirani zake, badala ya kutazama bei ya leo, anapata habari za bei ya miezi mitatu ijayo bila malipo. Bei ya leo inasimulia kilichopandwa msimu uliopita. Kitalu cha jirani kinasimulia kitakachokuja.

Lumbesa ni mchezo

Nadharia ya michezo huwafanya wengi wadhani inahusu kandanda. Inahusu hali ambayo faida yangu inategemea utakachofanya wewe. Mfano wetu ni lumbesa, yaani gunia linaloshonewa kilemba juu mpaka linapita kipimo.

Tuseme gunia la kilo 100 ni Sh 50,000, sawa na Sh 500 kwa kilo. Mnunuzi anadai lumbesa la kilo 130 kwa bei ile ile. Bei ya kilo imeshuka hadi kama Sh 385. Wakulima wote wakikataa, mnunuzi hana pa kwenda na lori tupu. Lakini kila mmoja peke yake anawaza: nikikataa na jirani akakubali, mzigo wake utaondoka na wangu utaoza. Kwa hiyo wote wanakubali, na wote wanapoteza kilo 30. Hakuna mjinga hata mmoja kati yao. Kilichowashinda ni mpangilio wa mchezo wenyewe.

Ndiyo maana mahubiri ya "wakulima wawe na msimamo" hayajawahi kutosha. Lumbesa imekatazwa kisheria, na Wakala wa Vipimo iliyoanzishwa mwaka 2002 ndiyo yenye kazi ya kusimamia. Sheria ikisimamiwa kweli, humtoa kila mmoja hofu kwamba jirani atamzunguka. Njia nyingine ni kikundi chenye mzani wake na mnunuzi wake. Vikundi vya Lushoto, kama Usambara Lishe, viliwahi kupeleka mboga moja kwa moja hotelini Dar es Salaam, ambako kinachonunuliwa ni kilo na ubora. Pale kilemba hakina maana.

Ubora nao una hesabu yake. George Akerlof aliandika mwaka 1970 juu ya magari mabovu yanayoyafukuza mazuri sokoni pale mnunuzi anaposhindwa kuyatofautisha. Mwaka 2001 alipata tuzo ya Nobel pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Tenga la nyanya lenye kubwa juu na ndogo chini ndilo gari bovu la Akerlof. Mnunuzi akishadanganywa mara mbili, anampa kila mtu bei ya tenga bovu, na aliyepanga vizuri hana sababu ya kuendelea.

Saa moja ya maji

Wanafunzi huogopa sana ile hesabu ya Lagrange, ya kutafuta faida kubwa kabisa chini ya mipaka. Kumbe mwisho wake unatoka na jibu la shambani: bei kivuli. Kama wakulima wanagawana maji ya mfereji kwa zamu, na saa moja zaidi ya maji ingeongeza karoti za Sh 8,000 baada ya kutoa gharama nyingine, basi bei kivuli ya saa hiyo ni Sh 8,000. Jirani akikubali kukuachia zamu yake kwa Sh 5,000, chukua. Akitaka 10,000, mwachie. Meneja wa kiwanda anayetafuta ni mashine gani inayombana anafanya hesabu hiyo hiyo.

Mahali somo linapokwama

Si kila kitu kinaingia kwenye mlinganyo. Mkulima aliyekopeshwa mbolea na mwenye lori hana uhuru wa kupiga simu na kuchagua soko, kwa sababu mzigo umeshauzwa kabla haujakomaa. Bei ya chini anayopewa ina riba ndani yake, ila haikuandikwa. Stiglitz, ambaye kati ya mwaka 1969 na 1971 alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliandika mwaka 1974 juu ya wakulima wanaogawana mavuno na mwenye shamba, akaonyesha kwamba mikataba inayoonekana ya kizamani huwa na sababu yake pale ambapo hatari ni kubwa na bima haipo. Funzo lake kwa mwenye kutaka kuwasaidia wakulima wa Usambaani ni kwamba kabla ya kumfukuza mwenye lori, ajiulize nani atakopesha mbolea, nani atabeba hatari ya siku mbaya, na kwa bei gani.

Kwa hiyo kijana aliyeko chuoni asitupe daftari lake la maikro baada ya mtihani. Na mfanyabiashara ambaye hakupita chuoni anaweza kuchukua maswali matano bila milinganyo. Ni gharama ipi imekwisha kuzama na ipi bado iko mkononi mwangu? Baada ya nauli, ushuru na uharibifu, kinabaki nini? Aliyenipa habari anafaidi nini nikimwamini? Wenzangu wote wakifanya ninachotaka kufanya, bei itakuwaje? Na kitu gani kinanibana zaidi, maji, mtaji au muda?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kuanzia, kalamu ya Sh 500 inatosha. Wiki ijayo ukurasa huu utaangalia biashara ya viazi mviringo.